Direkta na Kodi Ambayo Haikuja

Mazishini Direkta alikuwa ameshakaa mstari wa mbele kabla jeneza halijafika. Harusini alifika kabla ya viti. Mwalimu mmoja wa shule yake alipooa, alitualika sote, na mimi siku hiyo nilijisifu kwamba nimejitahidi kuamka mapema. Nilipofika kanisani nilimkuta nje ameshika ufagio, anawaelekeza vijana wa tenti wapi pa kupigilia vigingi. Hakuwa kwenye kamati wala hakuna aliyemwomba. Alikuwa amewahi tu, na mtu aliyewahi, kwa maoni yake, ana haki ya kuamuru waliochelewa.

Alikuwa na shule Gatina, upande wa Kawangware, kwenye ploti ya familia ya mumewe. Ukisema shule ya kibinafsi, mtu wa mbali atafikiria basi la manjano na bwawa la kuogelea. Hii ilikuwa ya kibinafsi kwa sababu haikuwa ya serikali, basi. Madarasa yalikuwa ya mabati, yamezunguka uwanja ambao mpira ukipigwa kwa nguvu unaingia kwenye sufuria ya mtu. Watoto walikuwa mia mbili na kitu, kuanzia chekechea hadi gredi ya sita, na wazazi wao ni watu wa mjengo, wa kufua, wa mboga na wa vibarua vya leo kipo kesho hakipo. Shule ya serikali iliyokuwa karibu ilikuwa imejaa hadi madirishani. Kwa hivyo watoto walikuja kwa Direkta.

Mimi nilikuwa na saiba ng'ambo ya njia, na bado ninayo: kompyuta tatu, printa moja yenye kiburi, na bango linalosema tunapiga chapa, tunatoa kopi na tunajaza ritani za ushuru. Nilimchapia mitihani, ripoti na barua za wazazi kwa miaka mingi. Binti yangu Akinyi naye alisoma kwake. Nilimjua kwa pande mbili basi, kama mzazi, na kama mtu aliyezisoma barua zake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hakuwa na haja na majina yetu. Watoto wote aliwajua kwa jina, la baba na la babu, na nani alikohoa juzi. Sisi watu wazima alituita kwa kazi zetu. Mimi nilikuwa Saiba. Jirani yangu alikuwa Welding. Mzee wa mkokoteni alikuwa Maji, na kijana wa kunyoa alikuwa Kinyozi hata baada ya kufunga kibanda na kuanza kuendesha boda. Mume wake mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa umeme, na nasikia hadi anazikwa alikuwa anaitwa Stima. Siwezi kuapa kuhusu hilo, lakini wala siwezi kukataa.

Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha sokoni kwa pamoja. Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani, alikuwa ameipiga marufuku ndani ya geti, na alikuwa ameweka adhabu: ukisema neno moja la Sheng unaokota karatasi kumi uwanjani. Uwanja ulikuwa safi sana. Lakini siku askari wa kanjo walipokuja kuulizia leseni ya biashara, wakataka kumzungusha, nilimsikia kutoka kwenye saiba yangu.

"Nyinyi wasee mnanicheki ni kama mimi ni fala, eeh? Leseni hii hapa, nimelipa mwezi wa kwanza, tarehe tatu! Nani mwingine hapa Gatina amelipa tarehe tatu? Hebu nionyesheni huyo msee!"

Kanjo waliondoka wakicheka. Mtoto wa gredi ya nne akamkumbusha kwa adabu kwamba karatasi ni kumi. Direkta aliinama akaziokota zote, moja moja, shule nzima ikihesabu.

Alihubiri dhidi ya sukari na mkoba wake ulikuwa umejaa peremende. Alisema mwalimu akichelewa dakika tano amemwibia mtoto, halafu mwalimu huyo huyo akiumwa anamtumia uji nyumbani kwa wiki nzima. Aliwaambia wazazi kila muhula kwamba asiyelipa karo mtoto wake atarudishwa nyumbani, na nilichapa onyo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Sijawahi kuona mtoto amerudishwa. Wazazi walijua, na yeye alijua kwamba wanajua, lakini barua ilikuwa lazima itoke, na itoke wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa.

Sasa nieleze jinsi karo ilivyokuwa ikilipwa pale, kwa sababu hapo ndipo hadithi yote imelala.

Mzazi mpya alifika, akasimama mbele ya meza ya Direkta mikono imekunjwa mbele, akaanza kueleza shida zake. Direkta hakumsikiliza shida. Alimuuliza kitu kimoja.

"Unafanya kazi gani?"

Mtu akisema yeye ni fundi wa welding, basi madawati yalianza kupata miguu. Akisema anauza maji, matangi ya shule yalijaa kila asubuhi kabla ya kengele. Mama Brayo, ambaye alikuwa akifua nguo kwa watu upande wa Lavington na siku nyingine hakosi tu kazi bali hata nauli ya kwenda kuitafuta, alipika githeri ya watoto siku mbili kwa wiki. Kinyozi aliwanyoa wavulana kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wamepanga foleni wakiogopa mashine. Mimi nilipiga chapa. Nusu ya karo ya Akinyi niliilipa kwa pesa na nusu niliilipa kwa mitihani ya hesabu na sayansi, na kusema kweli mitihani ndiyo ilikuwa rahisi kwangu kupata.

Pesa taslimu zilizobaki zilitosha mishahara ya walimu, chaki na unga wa uji. Hazikuzidi hapo. Kama ungemwambia kwamba anaendesha shule kwa njia ya ajabu, angekuuliza wewe unafanya kazi gani.

Na ilikuwa lazima zitoshe, kwa sababu ya mapatano yake na wanawe. Mumewe alipofariki, kijana wake mkubwa, mtu wa viatu vya ncha kali ambaye hakuweza kuvuka uwanja ule bila kuupima kwa hatua, alitaka kujenga ghorofa ya kupangisha. Ploti za pembeni zote zilikuwa zimeshapanda juu, kila moja na nguo zake zilizoanikwa hadi mbinguni. Direkta alikaa na wanawe wote watatu wakapatana. Shule ikijilisha yenyewe, hakuna wa kuigusa. Siku atakayowaomba pesa ya kulipa mwalimu hata mmoja, siku hiyo wamlete mjenzi. Alinieleza haya mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Wao wanafikiri nitaomba," aliniambia. "Mimi? Niwaombe hao niliowafunza kuenda choo?"

Akinyi wangu alikuwa mtoto wa kunong'ona. Nyumbani alisema, lakini ukimpa kitabu sauti inakwenda kujificha. Mwalimu alisema hajui kusoma. Direkta alisema anajua, ila hataki watu wasikie akikosea. Akamwekea kiti kidogo kwenye mlango wa ofisi, na kila siku saa ya chai Akinyi alimsomea ukurasa mmoja, yeye Direkta akiwa anapanga karatasi zake kana kwamba hasikilizi. Muhula wa kwanza alisikia yeye peke yake. Muhula wa pili nikamsikia mimi kutoka ng'ambo ya njia, na nilisimamisha printa ili nisikie vizuri. Nililia kidogo siku hiyo. Mteja aliyekuwa akingoja kopi za kitambulisho aliangalia pembeni.

Basi mwaka mmoja yakaanza maneno redioni. Walisema kuna mapendekezo bungeni kwamba karo za shule za kibinafsi zitozwe kodi, ile kodi tunayolipa tukinunua soda na sabuni. Mchambuzi mmoja alisema ni sawa, wenye pesa walipe. Mwingine akasema shule zitafungwa. Watu walipiga simu redioni wakagombana, kama kawaida yetu, halafu wimbo ukawekwa.

Mtu mwingine angengoja aone itakavyokuwa. Direkta hakuwa mtu mwingine. Huyu ndiye aliyewahi kununua vitabu vya mtaala mpya kabla wenye mtaala hawajamaliza kuuandika, vikabadilishwa, akabaki na maboksi mawili ya vitabu ambavyo vilikuwa sahihi kwa miezi mitatu. Huyu ndiye aliyefanya mazoezi ya sherehe ya watoto wa chekechea mwezi wa pili, wakati sherehe ni wa kumi na moja. Asubuhi ya pili baada ya maneno ya redio alikuwa kwenye saiba yangu kabla sijafungua mlango wa pili, ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, pande zote mbili.

Nilianza kuchapa huku nikisoma. Barua ilisema kwamba kwa kuwa kodi ya karo inakuja, shule imeamua kujiandaa. Kuanzia muhula ujao karo itaongezwa kiasi cha kodi. Hapo sikushtuka sana, kwa sababu karo yenyewe ilikuwa ndogo na nyongeza yake ilikuwa ndogo pia. Kilichonisimamisha vidole ni aya ya pili. Ilisema kuanzia muhula huo karo yote italipwa kwa pesa taslimu. Maji, kupika, kunyoa, kuchomelea na kupiga chapa havitapokelewa tena.

"Direkta," nikasema, "hii ya pili ni ya nini?"

"Saiba, fikiria. Mtu wa ushuru akija, anaketi hapa, ananiambia, mama, karo ni ngapi, lete fungu la serikali. Mimi nimpe nini? Mitungi? Nimwambie inama nikunyoe?"

"Lakini bado haijapita."

"Itapita. Ikipita watu watakimbizana. Mimi sikimbizwi."

Hapa nataka kusema jambo ambalo sikumwambia. Mimi hujaza ritani za watu. Najua mambo mawili matatu kuhusu ushuru, si mengi, lakini hilo nililijua: kodi ya aina ile haimgusi mfanyabiashara mdogo hadi mauzo yake ya mwaka yapite kiwango fulani, na shule ile, hata ungeiuza pamoja na kengele yake, haingekifikia. Kodi ingepita bungeni kwa vigelegele na bado isingefika Gatina. Nilifungua mdomo nimweleze. Nikasema, "Unajua, Direkta, hawa watu wana kiwango..." na yeye akapiga meza kwa kidole.

"Chapa, Saiba. Kopi mia mbili na ishirini."

Nikachapa. Ningeweza kung'ang'ania. Ningeweza kuzima kompyuta nimwambie keti chini nikuonyeshe. Lakini kumsahihisha Direkta haikuwa kazi ndogo, na kopi mia mbili na ishirini kwa siku moja si kitu cha kupuuza kwa mtu mwenye printa ya mkopo. Nilijiambia nitamweleza kesho.

Barua ilitoka siku hiyo hiyo mchana, imekunjwa ndani ya madaftari. Jioni saiba yangu ilikuwa na watu. Welding alikuja akaisoma mara ya pili mbele yangu, kana kwamba kwangu ingesema tofauti.

"Sasa Saiba, mimi nitoe wapi hii doo? Kazi yangu yote ni chuma. Nikiwa na cash ningekuwa naitwa Welding?"

Mama Brayo hakupiga kelele. Aliuliza tu kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, akasema asante. Kesho yake asubuhi alirudi akaniomba nimchapie barua ya kuomba uhamisho.

Na hapo ndipo nilipoona ugonjwa wa Direkta ukituingia sote. Kule shule ya serikali nafasi zilikuwa chache, na kila mzazi alijua kwamba wengine nao wamesoma barua ile ile. Anayengoja atakuta mlango umefungwa. Hakuna aliyeuliza kodi imefika wapi bungeni. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuhama, na foleni ilianza mbele ya geti la shule ya serikali saa kumi na moja asubuhi, watu wamejifunika shuka. Direkta mwenyewe angewapa alama za juu.

Mimi nilikuwa wa tatu. Mke wangu alisema tusipowahi Akinyi atabaki nyumbani, na kweli nusu ya karo nilikuwa nikiilipa kwa vidole. Niliiandika barua ya uhamisho ya binti yangu kwa kompyuta ile ile, nikabadilisha jina tu kwenye ile ya Mama Brayo. Nilijua kodi haitafika. Nilijua kuliko mtu yeyote katika foleni ile, na bado nilikuwa wa tatu.

Direkta aliweka sahihi kwenye kila barua. Alipofika kwa ya Akinyi alinitazama juu ya miwani.

"Hata wewe, Saiba?"

"Ni hii mambo ya cash, Direkta."

"Ni sawa. Mwambie asome kwa sauti huko pia."

Muhula ulipofunguliwa, watoto waliobaki hawakujaza madarasa mawili. Wengi waliondoka na sweta za rangi ya damu ya mzee wakarudi kupita njiani na sweta za kijani. Kisha, wiki chache baadaye, redio ile ile ikasema kifungu cha kodi ya karo kimeondolewa. Kilisemwa haraka, kati ya habari za mvua na za mpira. Direkta alikuwa kwangu akingoja kopi. Aliniomba niongeze sauti, lakini walikuwa wameshaingia kwenye mpira. Aliketi kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, na akakaa hapo mpaka kipindi kikaisha.

"Haikuja," alisema.

Nikamweleza basi kuhusu kiwango. Nilimweleza yote, kwamba hata ingekuja isingemfikia. Alinisikiliza hadi mwisho, kitu kingine ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Ulijua lini?"

"Siku ile."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana, hata kwa Sheng. Alichukua kopi zake akalipa, nami nikakataa pesa, naye akaziacha juu ya meza.

Kabla ya chakula cha mchana siku iliyofuata alikuwa amewarudishia wazazi waliobaki nyongeza yote, mkono kwa mkono, na mwenye kuulizia risiti alipewa. Barua nyingine ikatoka, nikaichapa bure na hakubisha: mambo yamerudi kama zamani, kila mtu alete kazi yake. Halafu akaenda nyumba kwa nyumba. Alipanda ngazi za ghorofa zote za Gatina, mama wa umri ule, akigonga milango ya mabati na ya mbao. Welding alirudi, na Maji akarudi kwa sababu hakuwa amepata nafasi kwingine. Lakini wengi walimpa jibu moja, na lilikuwa jibu la kweli: sweta ya kijani imeshanunuliwa.

Asiyejua maisha yetu atacheka. Sweta ya shule kwa Mama Brayo ni siku nne za kufua, na anao watoto watatu. Ukishainunua, mtoto ni wa shule hiyo mpaka mikono yake itokeze. Zaidi ya hapo, ile nafasi aliipata kwa kulala nje, na akiiachia haipati tena. Nani angemhakikishia kwamba redio haitasema kitu kingine mwaka ujao?

Alifika kwetu pia, jioni moja mapema. Mke wangu alimpa chai. Akinyi alikuwa amekaa kitandani na sweta yake. Direkta alieleza aliyokuja kueleza, na mimi nikamwambia yale yale niliyoyasikia kwa wengine, kwamba sweta tumeshanunua. Nilisema nikiangalia kikombe. Alimwita Akinyi, akashika ukingo wa mkono wa ile sweta, akaupindua kuangalia mshono.

"Imeshonwa vizuri hii," alisema. "Haitaachia upesi."

Alimaliza chai akaenda zake.

Shule ilijilisha miezi michache. Aliuza cherehani yake, aliuza meko ya gesi, alifundisha madarasa mawili mwenyewe ili asiajiri. Walimu wawili walikubali kungoja mshahara na wengine wakaondoka kwa heshima. Mwisho alimpigia simu kijana wake mkubwa. Alipiga kutoka kwangu, sijui kwa nini, labda hakutaka walimu wasikie. Alisema sentensi moja kwa Kikuyu na hata mimi Mjaluo niliielewa. Likizo ilipoisha mabati yalikuwa yamelazwa chini, yamepangwa kwa ukubwa.

Leo pale pana ghorofa tano, maduka chini, wapangaji juu, na lazima niseme kwamba biashara yangu imenyanyuka. Wapangaji wapya wana vitambulisho vya kutolewa kopi na ritani za kujazwa. Nimenunua printa ya pili. Ya kwanza ilivunjika moyo mwaka jana, na kipuri chake nilikipata kwa fundi mmoja Kibera, huko Sarang'ombe, ndiyo sababu nilikuwa huko siku niliyomwona Direkta tena.

Nilisikia sauti kwanza. Ilitoka nyuma ya ukuta wa mabati, ikisoma imla polepole, neno kwa neno, na watoto kimya kabisa. Nilijua ni yeye kabla sijaona geti. Nilingoja kengele ya chai, akatoka na kikombe cha plastiki, amekonda, miwani ile ile.

"Saiba! Umehamia huku?"

"Nimekuja kununua kipuri. Na wewe je?"

"Mimi nafunza gredi ya pili. Direkta ni yule," akaonyesha kwa kidevu mwanamke kijana katika mlango wa ofisi, mwenye simu mbili. "Mtoto mzuri. Anajua kompyuta. Kila kitu analipwa kwa simu, hata sarafu hashiki."

Tulizungumza mambo ya Gatina. Nilimwambia nani amezaa na nani amehama. Nikajikaza nikamwambia nilichokuwa nimekibeba, kwamba siku ile ningezima kompyuta, na kwamba naomba msamaha. Alinicheka.

"Ungezima ningeenda saiba nyingine. Kuna moja pale karibu na posho mill, ni bei nafuu kuliko yako. Acha hiyo. Akinyi anasoma?"

Nilitaka kusema anasoma. Nikamwambia ukweli. Kwamba darasani wako tisini na kitu, kwamba mwalimu ni mwema lakini hawezi kuwafikia wote, kwamba Akinyi anakaa nyuma na mwaka mzima hajaitwa kusoma hata mara moja. Kwamba juzi nilimpa gazeti anisomee na midomo ikatembea bila kitu kutoka.

Direkta aliweka kikombe chini. Akauliza yuko gredi gani sasa, nikamwambia. Akauliza kama naweza kumlipia nauli kutoka Kawangware, nikasema naweza. Karo ya pale ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta karibu na geti, na niliisoma, naye aliniona nikiisoma.

"Hiyo yote sina, Direkta. Nusu ninayo. Hawa hawahitaji mtu wa kuchapa?"

"Wana printa yao," alisema. Alifikiri. "Hapa mimi si Direkta, Saiba. Siwezi kukwambia mlete. Lakini ngoja."

Nje ya ofisi kulikuwa na wazazi watatu wamepanga foleni. Nilidhani atawapita, kwa sababu yeye ni mwalimu wa pale na pia kwa sababu ni yeye. Hakuwapita. Alisimama nyuma yao, wa nne, nyuma ya mama aliyebeba mtoto mgongoni, akangoja zamu yake. Foleni ilikwenda pole pole. Kengele ya kumaliza chai ililia na gredi ya pili wakaanza kupiga kelele, na yeye hakuondoka. Alipofika mlangoni alizungumza kwa sauti ya chini ambayo sikuijua. Maneno sikuyasikia, ila niliiona mikono yake. Aliikunja mbele, kama sisi tulivyokuwa tukisimama mbele ya meza yake, na yule direkta kijana alikuwa bado anaangalia simu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kwenda kumshika mkono nimtoe pale, nimwambie tuache. Sikwenda, kwa sababu mtoto ni wangu, na bado nilikuwa natumaini atakubaliwa.